Kwa Mtani Maganga, Aliyenitangulia Jimu

Mtani,

Nyamaza kwanza. Miaka yote tuliyojuana hukuwahi kuniacha nimalize sentensi. Leo nitasema mpaka mwisho. Wewe Mnyamwezi, mjukuu wa wapagazi, mimi Mzaramo. Babu zetu walituachia ruhusa ya kutukanana bila kununiana, na huo ndio urithi pekee ambao mimi na wewe hatukuuchezea.

Nilikuzika kwa haki yangu yote ya utani. Jeneza lako lilipotoka uchochoroni nililala chini, katikati ya njia, nikapiga kelele: "Mpagazi leo anabebwa!" Watu walicheka huku wanafuta machozi. Kaka yako akanirushia sarafu niwapishe, nikainuka, nikaingia na mimi kukubeba. Ulikuwa mwepesi, Maganga. Hilo sikumwambia mtu.

Kicheko hakijaisha, nikasikia mtu nyuma yangu: "Zile mashine za jimu ndizo zimemmaliza. Si hata rafiki yake aliandika gazetini?"

Rafiki yake ni mimi. Unaijua hiyo makala. Uliisoma kwa sauti mbele ya wenzako jimu ukakaribia kuanguka kwa kucheka. Nilikuwa na hasira siku ile. Kampuni ya ng'ambo yenye majimu kila mji ilikuwa imechukua ghorofa la duka letu la ushirika, pale karibu na Mnazi Mmoja, tulipojuana mimi na wewe kwenye foleni ya sabuni. Ulikuwa umeacha jiwe likushikie nafasi, mimi nikalisukuma pembeni kwa mguu. Ukarudi: "Mzaramo, umeshauza viwanja vyote vya babu yako, sasa unataka na nafasi ya jiwe langu?" Ndipo urafiki ulipoanza. Sasa pale pale wakaweka vioo na muziki, na wewe ukaniambia umejiunga, wewe na mkeo Zuhura, na mimi nije. Nikaenda kuandika: "Anayelipa ili anyanyue chuma ni mpagazi aliyesahau kudai ujira."

Nimeandika miaka ishirini kuhusu viwanda vilivyouzwa kama chupa tupu, na hakuna mtu anayekumbuka hata mstari mmoja. Huo mmoja wa kukutania wewe wameukariri wote.

Daktari alisema ni ini, ugonjwa uliokuwa nao kabla jimu haijajengwa. Nani anamsikiliza daktari msibani? Mkeo alikaa eda akisikia kila mgeni anayeingia akinong'ona habari ya mashine. Alipotoka eda hakurudi jimu. Sukari yake ikapanda. Kidonda kidogo kwenye kisigino, cha kandambili tu, kikakataa kupona, na kliniki wakamwambia wazi: mama, usipotembea, usipofanya mazoezi, mguu huu tutauongelea kwa namna nyingine.

Wanao wakanifuata mimi, nimshawishi arudi jimu. Nikaenda, nikapanga hoja zangu kama ninayekwenda mdahaloni. Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho wewe hukukiweza, kisha akasema, "Shemeji, wewe uliyeandika ndiye unayeniambia niende? Nenda wewe kwanza."

Basi nikaenda.

Cheka sasa. Binti wa mapokezi alinipa fomu yenye swali: lengo lako la kujiunga ni nini? Kuna visanduku: kupunguza uzito, kujenga misuli, afya kwa jumla. Nilivikata vyote nikaandika pembeni, "Kufuta sentensi moja." Akaisoma mara mbili. "Baba, hiyo haimo." Nikamwambia ndiyo kasoro ya soko huria, linakupa uhuru wa kuchagua ndani ya visanduku vyake. Akanitazama kwa huruma, akatia alama kwenye afya kwa jumla.

Siku ya kwanza nilipanda mashine ya kukimbilia na viatu vya ngozi. Kocha, msichana wa Songea ambaye ni mdogo kuliko bintiyo, aliniamkia "Shikamoo" kwa adabu zote, nikaitikia "Marahaba," na palepale akaizima ile mashine. "Baba, unakwenda mahakamani?" Wiki ile sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Nilikulaani kwa majina yote ya ukoo wako.

Lakini nilikosea, mtani, na kukosea kwangu kulikuwa kwa kizembe. Niliandika kuhusu watu wale bila kupanda ngazi kuwatazama. Nilidhani ni matumbo ya wenye nazo. Nimemkuta Bwana Mosha, karani wa shirika lililouzwa. Alipopunguzwa kazi alivaa shati na kutoka nyumbani kila asubuhi kwa miezi, akizunguka Kariakoo, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuwahi. Sasa anawahi jimu. Akifika saa kumi na mbili na dakika mbili, anaomba radhi. Nimemkuta Mama Hansa, yule muuza vitambaa wa Mchafukoge mwenye magoti mabovu, anayepiga hesabu za duka kwa Kigujarati huku anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Yeye ndiye aliyenisimamisha. Nilikuwa nataka kukaa kwenye baiskeli iliyo kando yake, yenye taulo juu. Nikaliondoa.

"Rudisha," akasema. "Ya Mama Maganga hiyo."

Nikamwambia Mama Maganga haji. Akasema, "Najua. Mimi naweka tu. Siku akija asikute mtu amekaa."

Miezi saba alikuwa akiweka taulo kila asubuhi. Watu wote wa saa kumi na mbili wanajua, hakuna anayeikalia baiskeli ile. Nilisimama pale na taulo mkononi nikaona foleni yetu ya sabuni, ile niliyoililia gazetini kwamba soko limeizika pamoja na ubinadamu wetu. Haikuwa imezikwa. Ilikuwa imepanda ghorofani, na mimi nilikuwa chini naiandikia taazia.

Sikumpelekea Zuhura hoja tena. Nilimpelekea habari ya taulo. Akaingia ndani, akakaa muda, nikadhani nimemkera. Alipotoka alikuwa na raba zake za jimu mkononi. "Kesho unipitie. Na usiniongeleshe njiani."

Huo ni mwezi wa tano sasa. Usidhani nimenyamaza: bado nasema mji unaojenga majimu na kuziba viwanja vya watoto unajidanganya, na muziki wao ni adhabu. Kila asubuhi nasema, na kila asubuhi mkeo ananiambia, "Kanyaga, shemeji, mdomo hauunguzi mafuta." Jumanne nilishikwa na homa, sikuweza kumpitia. Saa moja simu ikalia. "Mzaramo, bado umelala? Mimi nimeshamaliza." Alikwenda peke yake, Maganga. Kwa miguu. Kidonda cha kisigino kimefunga, kliniki wamefurahi mpaka wakamwita mwenzao aje aone.

Juzi nilimpelekea rasimu ya makala mpya, ya kuikana ile ya zamani. Akaomba kalamu. Nilikuwa nimeweka "lakini" tisa, akazikata zote, moja moja, kisha akanirudishia: "Sasa ndiyo umekiri kosa kweli." Hakuna mhariri aliyewahi kunifanyia hivyo nikanyamaza.

Nakuahidi, mtani: kesho asubuhi makala inakwenda gazetini kama alivyoiacha, na jina langu chini yake, kabla sijaanza kuzipenda hoja zangu upya. Wanaonong'ona watapata mstari mwingine wa kukariri. Na nitampitia kila siku atakayonitaka, na siku asiyonitaka nitamfuata nyuma, maana kwenye ngazi ameshaanza kuniacha.

Pumzika, Mnyamwezi wangu. Mkeo anatembea.

Mtani wako,
Kibwana