Mara ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Bonge kapanda juu ya ndoo sasa hivi, kashika mwiko, kagonga sufuria mara tatu: "Imeuzwa!" Sufuria yangu imeuzwa kwa nani, sijui. Ana miaka miwili na nusu, na sauti yote ya baba yake kaichukua yeye. Baba mtu kabaki na mkwaruzo. Mnadi wa fanicha na vyombo, mtu aliyesikika mpaka barabara ya pili! Siku hizi anaongea kama mlango usiotiwa mafuta.

Leo tumepewa majibu. Kansa ya koo. Tena si ile ya watu wote, aina adimu. Daktari mwenye miwani alilitamka jina lake kwa madaha, utadhani kaizaa yeye.

Mume wangu akauliza, nina muda kiasi gani? Daktari akaliambia faili: katika watu kumi, watatu hufika miaka mitano. Likitolewa zoloto, yaani sauti yenyewe iondoke, labda watano.

"Sita," mume wangu akasema.

"Sita nini?"

"Watano umetaja wewe. Mimi napandisha."

"Bwana, hapa si mnadani."

Nilicheka peke yangu. Halafu nikamuuliza, wagonjwa wa aina hii umeshawatibu wangapi? Akavua miwani. Huyu ndiye wa kwanza.

Wa kwanza! Sasa hao kumi kawatoa wapi? Kitabuni, anasema. Basi hata mimi ninacho kitabu, hiki hapa. Naandika: kumi.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaja. Kasoma kwenye simu siku mbili, tayari bingwa wa makoo. Eti nijiandae, "maana wewe bado kijana." Huku analipima kabati langu kwa macho, mlango mpaka mlango.

Shemeji naye kaomba nyundo ya mnada, aitunze. Aitunze! Mtu ambaye hata mwavuli wetu hajaurudisha. Nikamwambia nyundo ina kazi. Kazi gani, shemeji? Kabla sijajibu Bonge kamgonga nayo gotini mara tatu. Kauzwa!

Mume wangu kacheka mpaka kakohoa. Damu kidogo kwenye kitambaa. Nimekifua kabla wifi hajakiona, asije akakisomea nacho kwenye simu.

Alhamisi, 6 Machi

Hataki kutolewa zoloto. Mnadi bila sauti ni nini, anasema — ni ile stuli tu anayosimama juu yake. Na kesho daktari anataka jibu.

Nikamwonyesha Bonge, kalala mdomo wazi. Nikamwambia, sauti ya nyumba hii ile pale. Inayokosekana ni wewe kuisikia.

Kamfunika Bonge shuka. Baadaye kaninong'oneza siri ya kazi yake: pigo la tatu si la haraka. Unagonga la kwanza, la pili, halafu unangoja. Mnadi hodari anaweza kungoja hapo mpaka watu wakasirike, maadamu anajua kuna mkono haujanyanyuka.

Ijumaa, 7 Machi

Kasaini! Pembeni ya fomu kaandika: Sita. Mwenye miwani kasoma, hakukata.

Jumanne, 11 Machi

Kwenye benchi, nje ya wodi. Upasuaji umekwisha. Mwenye miwani anasema walichokikuta ni kikubwa kuliko picha ilivyoonyesha. Nikamuuliza, sasa ni wangapi katika kumi? Akasema tusubiri azinduke. Leo hata kitabu kimemkimbia.

Nyundo niliingia nayo chini ya nepi za Bonge. Nimemwekea baba yake mkononi, nesi kanitoa nje. Wifi anaomboleza mapema hapa pembeni, nimemwambia anyamaze nisikie.

Ko! Chuma cha kitanda! Wifi kanishika mkono.

Ko. La pili!

Kimya sasa. Anangoja, namjua mimi. Mkono wa kushoto nimeunyanyua hapa koridoni kama chizi, wa kulia unaandika. Nesi kafungua mlango — Mama Bonge, njoo! — naja, niandike tu kwamba la tatu bado hali