Jagi la Uzi Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi

Mama amerudi nyumbani. Hospitali walimkata kipande kirefu cha utumbo mwembamba — ulikuwa umejisokota, ukafa. Yeye ni fundi cherehani, basi anafanya mzaha: eti alikwenda akapunguzwa kama suruali. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilishindwa. Mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba ndani ya utumbo huo kuna vidole vidogo mno, vimesongamana kama nyuzi za taulo, na ndivyo vinavyonyonya chakula na maji kuvitia kwenye damu. Taulo la mama limekatwa. Lililobaki litatosha?

Jumanne, 5 Machi

Anakula, lakini chakula hakikai. Anakwenda chooni kila mara. Maji matupu. Midomo imekauka.

Nimefikiri sana. Kinachotoka lazima kirudishwe. Nimechukua jagi kubwa la plastiki, nikalifunga uzi mwekundu katikati. Maji yafike kwenye uzi kabla ya adhuhuri, jagi liishe kabla ya kulala. Mama mdogo ameshaanza kuniita Daktari. "Mwache mwanangu," mama akasema, "ndiyo faida ya kusomesha." Akanywa.

Nimelala na furaha kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Jagi linaisha kila siku. Naona anavyojilazimisha. Lakini kiu imezidi — sielewi.

Leo alikaa kwenye cherehani apinde kola ya sare yangu. Mguu ukakakamaa juu ya pedali, akashindwa hata kuushusha. Pete yake ameizungushia uzi isidondoke. Nilibana ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama.

Nikamwongezea glasi nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi alisimama, akaanguka. Tulimpeleka zahanati, mimi na mama mdogo, tumemshika huku na huku.

Muuguzi alimtundikia dripu. Halafu akauliza anakunywa nini. Aliposikia jagi zima kwa siku, akauliza, nani kamwambia anywe maji matupu kiasi hiki? Nilihisi moto masikioni. Mama akawahi: "Mwenyewe tu. Kiu."

Muuguzi alieleza polepole. Mtu mwenye utumbo mfupi akinywa maji matupu mengi, maji yale huvuta chumvi kutoka mwilini, kisha hukimbia nayo nje. Anywe maji yenye chumvi na sukari, kwa kipimo, kidogo kidogo. Chumvi na sukari hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Utumbo mrefu husamehe, alisema. Huu mfupi hausamehe.

Kwa hiyo kila glasi niliyompa ilimkausha. Mimi.

Njiani nilimuuliza mbona hakunitaja. Alitafuta pumzi kwanza. "Nguo yangu ya kwanza nilisahau tundu la kichwa," akasema. "Na mwenye nguo alikuwa mama mkwe."

Mama mdogo alicheka peke yake. Mimi nililia, nikajifanya ni vumbi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua uzi kwenye jagi. Sasa ni pakiti za dawa ya chumvi na sukari alizotupatia muuguzi, na kikombe kidogo. Funda moja, anapumzika. Funda jingine.

Muuguzi alisema akikojoa vizuri leo, tujue maji yanaingia mwilini. Asipokojoa mpaka jioni, au akitapika, tumrudishe bila kungoja. Beseni la bluu nimeliweka karibu na mlango, kwa lolote kati ya hayo.

Tangu asubuhi hajakojoa. Mama mdogo amekwenda kutafuta gari, tuwe nalo tayari. Mimi nipo mezani na kitabu cha baiolojia, ukurasa ule ule. Mchoro ni mzuri, kila kitu kina mshale. Hakuna mshale unaoonyesha utumbo wa mama.

Nimemchungulia. Midomo inang'aa. Labda ni dawa tu. Labda vile vidole vilivyobaki vimeanza kushika. Nimevisemesha kimoyomoyo, kama mjinga: shikeni, tafadhali.

Jua limefika kwenye cherehani. Linapofika hapo huwa ni alasiri.

Anaita. Anataka beseni — upesi, anasema. Sauti yake ni ndogo, hajasema la nini, na mimi bado nimekaa na kalamu —