Samaki wa Mkeka wa Harusi

Mjukuu wangu Salehe,

Umenizidi umri, lakini mimi ni shangazi wa mama yako, kwa hiyo vumilia. Huku Mkongo sote wazima.

Unauliza kama vitabu vya ubunifu vinasaidia. Hili sijamwambia yeyote: mkeka wa harusi ya dada niliuchora kwanza kwenye karatasi, kama kitabu ulichoniazima kilivyoelekeza. Nilichora samaki. Nilipoishona pamoja mikanda ya ukili, kichwa kikaenda huku, mkia kule, na harusi ni kesho yake.

Wanawake wakauzunguka. "Wewe mwali, mchoro huu unaitwaje?"

Dada akautazama, akacheka. "Kwani hamuoni? Mto umejaa."

Sasa kila nyumba inausuka huo "Mto Umejaa".

Kitabu kilinipa ujasiri wa kuanza. Mengine yalijitokeza mkononi. Nakuomba, usimwambie mtu kwamba yule ni samaki.