Maelezo Kuhusu Godoro la Marehemu Gudveig Bruflat

KITUO CHA POLISI AUSTDAL, NORWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Oddvar Skjelbred
Umri: miaka 58
Kazi: mtaalamu wa usingizi (muuza magodoro)
Makazi: juu ya duka lake, Austdal
Yamechukuliwa tarehe 7 Februari 2023, saa tatu asubuhi.

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Shule niliacha mapema nikaenda kupika melini. Nimelala Santos, Rotterdam na Busan, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili nauza magodoro hapa. Hakuna mgongo katika bonde hili nisioujua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Mnamo tarehe 14 Januari, Jumamosi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, walifika dukani mzee Torleif Bruflat, miaka 83, na mkewe Gudveig, miaka 80, mwenye ugonjwa wa kutetemeka. Walitaka godoro la mama. Nilimlaza kwanza kwenye lateksi, lile la utomvu wa mpira. Lateksi ukilikandamiza linakurudisha papo hapo. Mama aligeuka mwenyewe.

"Torleif, tazama! Leo sijasukumwa kama gunia la viazi."

Nikamwambia, "Taratibu mama, usije ukaniangukia nikalazimika kukuoa."

Kisha nikamlaza kwenye memori, ile sponji nzito inayolainika kwa joto la mwili na kukushika umbo.

"Hapa nimezama kama siagi kwenye uji," alisema. "Raha ninaiona. Lakini nitatokaje?"

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mzee aliniuliza, "Oddvar, tuambie kweli. Lipi?"

Lateksi lilikuwa krona 18,900, memori 9,400. Niliona kiwiko cha koti lake kimetiwa kiraka, nikamwonea huruma. Nilisema memori linapunguza vidonda vya kulala sana, jambo ambalo ni kweli. Halafu nikasema, "Mzee, lateksi linadumu miaka kumi na mitano. Wewe na mama mnalipia usingizi wa nani?" Walicheka tena. Mzee akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua." Mama aliligusa lile la lateksi mara moja tena, kisha akavaa glovu zake.

Naomba iandikwe kwamba dukani kwangu kuna joto la nyuzi ishirini na tatu. Memori kwenye baridi hukakamaa. Chini ya mwili linabonyea, pembeni linabaki gumu, na mtu asiye na nguvu hawezi kupanda kutoka humo. Hilo nalijua tangu zamani. Sikuwauliza kama wanalala dirisha wazi. Nani hapa huuliza hivyo? Kila mtu hulala dirisha wazi, Januari na Julai. Hata mimi.

Tarehe 26 Januari, saa tatu asubuhi, mzee alinipigia simu.

"Hawezi kugeuka, Oddvar. Yuko kama kwenye mtaro."

"Mpe wiki mbili, mzee. Mwili lazima uzoee."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Hilo la wiki mbili huwa nawaambia wateja wote. Wengi hawapigi tena.

Tarehe 3 Februari alipiga tena. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Namgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nimechoka, bwana." Ndipo nilipouliza kuhusu dirisha. Alishangaa. "Liko wazi, sasa je? Unataka tukose hewa?" Nilimwambia alifunge. Akasema mama hawezi kulala limefungwa, hajawahi. Nikaahidi kumpelekea lateksi Jumatatu, bila nyongeza yoyote. Ningeweza kwenda siku ileile. Gari lilikuwepo. Nilikuwa na mchezo wa karata.

Jumatatu, tarehe 6 Februari, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nilifika kwao na godoro. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mzee alikuwa jikoni, amelala akiwa amekaa, buti mguuni. Nilimwamsha. Alisema alimgeuza mkewe saa kumi na moja alfajiri, akakaa apumzike dakika tano.

Niliingia chumbani mbele yake. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi sita. Mama alikuwa amelala nusu kifudifudi, uso ndani ya shimo la godoro. Alikuwa wa baridi. Mzee alisimama nyuma yangu, akasema, "Gudveig, Oddvar ameleta lile uliloligusa."

Nasikia binti yao amesema baba yake alizembea. Hakuzembea. Alifanya kwa zaidi ya siku ishirini kazi ambayo godoro zuri lingeifanya bure. Kama mnatafuta mtu, aliyesema wiki mbili ni mimi.

Nilipomgeuza mama niliegemea godoro kwa kiganja. Dukani huwa nafanya hivyo mbele ya wateja: nabonyeza, naondoa mkono, tunahesabu pamoja, na kabla ya kumi alama imepotea. Daktari alikuja, akaandika, akaondoka. Mkono wangu ulikuwa bado upo pale, vidole vyote vitano.

Sina zaidi. Nimesomewa haya yote na ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) O. Skjelbred

Maelezo ya afisa: Shahidi alisaini kwa hiari yake. Kabla ya kusaini aliomba maneno "mtaalamu wa usingizi" yakatwe, ibaki muuza magodoro. Nilimwambia fomu haifutwi.
Ingunn Lekve, Afisa wa Polisi