Nilianzia kwa Baba Yake

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana zikufikie hapo nyumbani, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini ule mgongo wako umetulia na kwamba umeacha kubeba ndoo kama ulivyoahidi, ingawa nakujua, ahadi zako kuhusu ndoo ni za mdomoni tu. Shemeji vipi, bado anabishana na redio? Mwambie mimi huku sijambo, nakula, nalala, na koti la kazi limeanza kunibana tumboni, kwa hiyo asije akasema nimekonda kwa mawazo. Mawazo ninayo, lakini hayajapunguza kitu.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, mvuke unanipiga mgongoni. Umeuliza wazee wajiandae lini kwa safari ya posa, na kumbe umeshaanza hata kuulizia kitambaa. Dada, acha kitambaa. Waambie wazee wasisafiri. Mtaalamu hatakuwa mke wangu, na aliyeharibu ni mimi. Naomba ukae chini, unyooshe miguu, nikueleze tangu mwanzo, maana nusu ya mambo haya unayajua na nusu nyingine nilikuficha.

Mtaalamu, kama nilivyokuandikia zamani, ni yule mwanamke kutoka ng'ambo anayetengeneza miguu ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya wodi ya wanaume. Hospitali nzima tunamwita hivyo kwa sababu jina lake lenyewe linatushinda kulitamka, na yeye alishachoka kutusahihisha. Aproni zake zilikuwa mateso yangu. Plasta ikishakauka kwenye kitambaa haitoki kwa sabuni wala kwa dua. Lazima uikwangue kwa kisu butu kabla hujailoweka. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamfuata karakana kwake kumlalamikia. Wala hakukasirika. Alikuja nami mpaka chumba cha kufulia, akapindua ndoo akaikalia, akachukua kisu, akaanza kukwangua mwenyewe. Tangu hapo akawa anakuja kila jioni akimaliza kazi. Mimi napiga pasi mashuka, yeye anakwangua plasta, na Kiswahili chake cha kuungaunga kikawa kinanyooka polepole. Alikuwa akicheka, anafunika macho badala ya mdomo. Mimi mtu mzima na ndevu zangu, nikajikuta natafuta vichekesho mchana kutwa ili nimwone akifunika macho jioni.

Basi wakamhamishia kwenye tawi jipya la hospitali, mbali, ambako simu zinashika kwa kubahatisha. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Akaniambia kwamba hata zikishika, simu humtia kigugumizi, lakini kwenye karatasi anaweza kutafuta maneno yake kwa utulivu. Kisha akaniambia, "Niandikie. Wewe anza, mimi nitajibu." Nikasema nitaandika wiki hiyohiyo. Ulimi wangu unaujua, nikishapewa nafasi ya kusema jambo la maana unakuwa mzito kama shuka lililoloa.

Hapo ndipo kazi ikaanza, dada. Wewe umeolewa na kijana wa mtaa wa pili, hujui taabu ya kumwandikia barua ya kwanza mtu ambaye hukukua naye, hujui kwao wanaanzaje, wanataniana vipi, neno gani ni tamu na neno gani ni tusi. Niliharibu karatasi mpaka msimamizi wa stoo akaniuliza kama nawashia jiko. Na watu wa kufulia, unajua walivyo, siri huku haikauki. Kila mtu akawa mwalimu wangu. Bi Pasi, mama anayetusimamia sote, akasema nianze na sifa, macho yake, mwendo wake, mikono yake, kwa sababu mwanamke ni mwanamke hata akiwa ametokea mwezini. Dereva wa gari la wagonjwa akapinga kabisa. Yeye alisema watu wa ng'ambo hawataki mashairi, wanataka habari kamili: una umri gani, urefu gani, umewahi kuugua nini. Nikamwambia kumbe namtafutia mchumba kitanda wodini.

Mfamasia wetu, ambaye alisomea huko huko kwa kina Mtaalamu, ndiye aliyeongea kidogo. Aliniambia niandike kama nilivyokuwa nikizungumza naye jioni. Nimweleze siku yangu ilivyokuwa, nimwambie kwamba nimemkumbuka, nimuulize swali moja ambalo kweli nataka kujua jibu lake, kisha niishie hapo. Nilimshukuru, lakini moyoni nikaona huyu ananiaibisha. Barua fupi hivyo, haina salamu za wazazi, haina utangulizi, haina lolote! Niliiona kama mtu aliyekwenda kwa wakwe amevaa fulana.

Ndipo ikaja barua yako, ile ya kwanza uliponijibu kuhusu Mtaalamu. Uliniambia mwanamume mwenye nia njema hamsumbui binti wa watu kwa makaratasi ya mapenzi. Anajitambulisha kwanza kwa wazazi wa binti, ajulikane ni mtoto wa nani, anafanya kazi gani, anataka nini. Ukasema ng'ambo au si ng'ambo, mzazi ni mzazi. Dada, nilipumua. Nikaibusu ile barua. Nataka nikwambie ukweli: sikufurahi kwa sababu ya adabu peke yake. Nilifurahi kwa sababu barua ya mapenzi ilikuwa imenishinda, na barua ya heshima naiandika nimefumba macho.

Anwani nilikuwa nayo. Mtaalamu aliwahi kunipa boksi tupu la kifurushi kilichotoka kwao, niwekee vifungo vinavyong'oka kwenye makoti ya madaktari, na jina la baba yake na mtaa wake vilikuwa vimeandikwa ubavuni. Nikamwandikia mzee barua ambayo ungejivunia. Nilimwamkia, nikaulizia afya yake na ya nyumba yake yote, nikamtajia wazazi wetu marehemu na wewe uliyenilea, nikaeleza kazi yangu bila kutia chumvi. Mwishoni nikasema kwamba nampenda binti yake kwa moyo safi na namwomba ruhusa ya kumwandikia kwa nia ya ndoa. Mfamasia ndiye aliyeitafsiri. Alipomaliza aliweka kalamu chini akaniuliza kama Mtaalamu mwenyewe anajua. Nikamjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya, asiniletee mambo ya ng'ambo. Akatia saini yake ya mtafsiri, nikaenda kuiposti.

Na wakati wote nikingoja jibu, Mtaalamu sikumwandikia hata mstari mmoja. Niliona si uungwana kumwomba mzee ruhusa huku nimeshaanza bila yeye. Nikajikaza kisabuni. Bi Pasi akiniuliza, namwambia kila kitu kina utaratibu wake. Nilikuwa najisikia mtu bora sana siku hizo, dada. Natembea kifua mbele katikati ya mashuka ya watu.

Mzee alijibu. Tena alijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Mfamasia alinisomea tumesimama kati ya mashine mbili, wenzangu wote wamezima pasi zao kusikiliza. Aliniita kijana mwenye heshima. Alisema katika maisha yake hajawahi kupokea barua ya adabu kama ile, kwamba amekubali kwa mikono miwili, na kwamba siku hiyohiyo amemwandikia binti yake kumjulisha kwamba sisi wawili tumeelewana. Bi Pasi akapiga kigelegele mpaka muuguzi wa zamu akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Ndiyo siku niliyokuandikia wewe kwamba mambo yameiva, waambie wazee. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Mfamasia peke yake ndiye aliyerudi dirishani kwake bila kunipa mkono, nami nikadhani ana wivu.

Barua ya Mtaalamu ilikuja siku chache baadaye. Sikuhitaji mtafsiri, aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwakubwa kama za mtoto anayejifunza. Nitakunakilia yote, maana ni fupi na sitaki niipambe:

"Nilikuwa nakwenda posta kila gari la barua lilipofika. Nilingoja barua yako. Iliyokuja ni ya baba yangu, ananiambia mmekubaliana. Nilikuambia kwa nini sizungumzi naye. Wewe ulijua. Tafadhali usiniandikie."

Hiyo "wewe ulijua" ndiyo nusu niliyokuficha, dada. Najua utaanza kujilaumu kwamba wewe ndiye uliyenishauri. Usijilaumu hata kidogo. Ulinishauri kwa ulichokijua, na nilichokijua mimi sikukuambia.

Siku aliponipa lile boksi nilimuuliza baba yake amemletea nini. Akasema hajui, amewapa wagonjwa vyote bila kutazama. Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakufunika macho. Akaniambia kwamba baba yake ndiye aliyemchagulia shule, akamchagulia kazi, kisha akamchagulia mume, mtoto wa rafiki yake wa biashara. Aliporudi nyumbani jioni moja aliwakuta baba yake na huyo kijana wameshamaliza kukubaliana, na yeye akaulizwa tu anataka gauni la rangi gani. Ndoa hiyo aliiishi kwa machozi mpaka akatoka, na alipotoka baba yake alikwenda kumwomba radhi mkwe wake, bintiye hakumwomba. Ndiyo maana alikuja kufanya kazi mbali kiasi hiki. Alinieleza yote hayo anakwangua plasta, hakuinua uso, na mwisho akasema, "Sitaki tena wanaume wawili wanizungumzie mimi sipo."

Alitamka vizuri kabisa, neno kwa neno. Na mimi nilimsikia. Lakini nilimsikia kama tunavyowasikia watu waliogombana na wazazi wao, tunatikisa kichwa, tunasema damu ni damu, yatapita. Nikamwonea huruma mzee kabla sijamwonea yeye. Kisha barua yako ilipokuja nikajiambia kumbe mimi ndiye nitakayewapatanisha, na kwamba siku moja atanishukuru. Sikuthubutu kukuandikia wewe habari hizo kwa sababu nilijua ungesema nisubiri, nimuulize mwenyewe kwanza. Mimi sikutaka kumuuliza, dada. Niliogopa atakataa. Nilikwenda kwa baba yake kwa woga, nikauvisha woga nguo za adabu, na kimbelembele changu kikanisindikiza.

Mzee ameniandikia tena. Ananiita mwanangu. Anauliza afya yako wewe kwa heshima, anauliza nyumba yetu ina vyumba vingapi, ananisihi nisikate tamaa kwa sababu binti yake amekuwa mkaidi tangu utotoni na atarudi kwenye mstari. Barua yake nzuri kweli, na ndilo linaloniuma. Baba mkwe nimempata, mke sina. Nimemjibu mara ya mwisho kupitia kwa mfamasia. Nimemwambia kwamba nilimwomba kitu ambacho hakikuwa chake kutoa, kwamba kosa ni langu, na kwamba sitazungumza naye tena habari za binti yake. Najua kumkatia mzee mazungumzo si malezi uliyonipa. Nimeyakata hivyohivyo.

Bi Pasi anasema nimwandikie Mtaalamu nimwombe msamaha, mwanamke akisema usiniandikie ana maana andika zaidi. Mfamasia alinitazama tu, na safari hii nilielewa. Lakini nikwambie kinachonikosesha raha, dada. Ile barua iliyonishinda sasa imekuja. Napiga pasi, maneno yanakuja yenyewe, mafupi, bila salamu ndefu, kama vile mfamasia alivyonielekeza. Ningeweza kuiandika leo kabla chai haijapoa. Nimemwambia baba yake kwamba nampenda, nimekuambia wewe, nimewaambia dereva na Bi Pasi na wafuaji wote, na lugha ya ng'ambo imetumika na yetu imetumika. Yeye peke yake ndiye sijamwambia. Ameniomba nisimwandikie, na hili moja nimeamua kumsikia.

Basi dada, waeleze wazee kwa namna utakayoona wewe, lakini usimtie yeye lawama hata chembe, na kama kuna atakayesema watu wa ng'ambo ni wagumu, mnyamazishe kwa niaba yangu. Kitambaa kama umeshanunua, washonee wapwa zangu. Nisalimie shemeji, nisalimie jirani yako mpenda maswali, mwambie hakuna jipya. Tunza mgongo. Nijibu ukipata nafasi, hata ukiwa na hasira, nitaisoma.

Ni mimi kitindamimba wenu,
mfuaji.