Mama Mkwe Anataka Siti ya Mbele

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina furaha mpaka silali na nina hofu mpaka sili, na sijui nianze na ipi. Mimi nauza dawa kwenye duka la dawa, nina mume na binti wa miaka tisa, na niliandika riwaya ya watoto inayoitwa Tarishi wa Sebuleni, ikachapishwa, na mwaka huu ikapata tuzo, nikatangazwa redioni nikiwa namhudumia mteja wa dawa ya kikohozi, nikapiga ukelele mpaka yule mteja akakimbia bila chupa yake. Sasa kikundi cha maigizo kimeigeuza kuwa mchezo wa jukwaani, na Jumamosi mchana ndiyo onyesho la kwanza. Mshauri, nimeona mazoezi! Maneno niliyoyaandika nimeegemea kaunta sasa yana miguu, yanatembea, yanabamiza milango, watu wazima wanacheka mpaka wanafuta machozi!

Tatizo ni kwamba hadithi ile sikuitunga yote. Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu tunayeishi naye na ambaye nyumbani tunamwita Kamanda, aligombana na wifi yangu siku wifi alipoacha chuo cha uuguzi akaenda kujifunza kuendesha lori, akamwambia, "Mimi sikuzaa dereva," na tangu hapo hawasemeshani, na wifi akija kwetu mmoja anakaa sebuleni, mwingine anajifungia jikoni, na binti yangu ndiye anayepeleka maneno, "Mwambie shangazi yako mlango wa kutokea anaujua," "Mwambie bibi yako kwamba naujua vizuri," mpaka mtoto akachoka, akaanza kuyageuza njiani, huku anapewa matusi, kule anafikisha, "Bibi anasema umependeza." Hicho ndicho kitabu changu, isipokuwa mwishoni bibi wa kitabuni anagundua ujanja wa mjukuu, anainuka kwenye kiti chake, anakwenda mwenyewe jikoni na kumwomba binti yake msamaha, jambo ambalo kwetu halijatokea.

Kamanda hajakisoma, anasema macho yake hayaelewani na herufi ndogo, lakini amewatangazia wakunga wenzake wote na anadai siti ya mbele kabisa. Wifi naye amepiga simu, anasema atageuza lori popote litakapokuwa, lazima aje. Nilimwomba mwongozaji aufute ule mwisho, akanishangaa, "Dada, nikiufuta huo nabaki na nini? Milango?" Mume wangu nikimuuliza anasema, "Mimi simo." Nimdanganye mama mkwe kwamba tiketi zimeisha? Au ninyamaze tu, liwalo na liwe?

Ni mimi,
Mwandishi Matumbo Joto

*

Mwandishi Matumbo Joto,

Kwanza hongera! Nimefurahi kana kwamba tuzo ni yangu. Sasa kaa chini nikuseme.

Umechukua ugomvi wa mama wa watu, ukaupeleka kwa mchapishaji, ukaupokelea tuzo, ukaupandisha jukwaani, na mtu pekee ambaye hajaambiwa ni mwenye ugomvi. Ulitaka ajue lini? Akiwa siti ya mbele, wakunga kulia, wakunga kushoto, wote wameacha kutazama jukwaa wanamtazama yeye? Hata kama umemwandika kwa mapenzi, huko ni kumvizia. Na hilo la tiketi zimeisha lifute kichwani. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa hakosi tiketi.

Mumeo mwambie yumo. Ni mama yake na dada yake. Kama yeye hayumo, nani yumo?

Leo ukitoka kazini, kaa na mama mkwe wako umsomee kitabu chote. Usiruke ukurasa, usijitetee. Akikasirika, bora akasirikie nyumbani, ambako hakuna anayemkodolea macho. Akikataa katakata, utarudi kwa mwongozaji, na safari hii hutaomba, utamwambia. Halafu mpigie wifi yako, naye asikie kutoka kwako.

Wasomaji wangu, hayo nilimwambia kwa simu siku barua ilipofika, maana gazeti lingemkuta Jumamosi imeshabisha hodi. Jana akanitumia ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa:

"Mshauri, nimemsomea! Alisikiliza amefumba macho. Kwenye matusi alicheka mpaka akakohoa, akasema, 'Huyo bibi ana mdomo, anafanana na marehemu mama yangu.' Nilipofika mwisho akafumbua macho. Nikamwambia, 'Mama, kama hutaki, nitawaambia wapaondoe.' Akaniuliza, 'Hapo anapoomba msamaha, anasemaje? Rudia, taratibu.' Nikarudia. Akawa anachezesha midomo kama mtu anayejifunza wimbo. Kisha akasema, 'Ni marefu mno. Mimi yote hayo siyawezi.' Nikajua basi, yameisha. Mara akamwita mume wangu, 'Hebu nipigie dada yako.' Simu ikapokelewa, Kamanda akauliza, 'Hilo lori lako lina nafasi ya abiria?' Tukasikia wifi anazima injini. Halafu tukamsikia, 'Ipo, mama.' 'Basi Jumamosi unipitie.' Mshauri, naandika huku nalia, mume wangu naye kajifungia bafuni anajifanya ananawa uso!"

Haya, Mwandishi, wewe na mumeo futeni machozi, kuna kazi. Ile siti ya mbele mpe mkunga mwingine. Hao wawili watafutie siti zinazofuatana, pembeni, karibu na mlango, ili atakayezidiwa atoke bila kukanyaga miguu ya watu. Wakiwa njiani usiwapigie simu kuuliza wanaongea nini. Wasipoongea kitu, vilevile usiulize. Na binti yako usimkalishe katikati yao. Mkalishe mbali kidogo, mnunulie karanga, aangalie mchezo kama watoto wengine.