Vibuyu viwili vya maji alivyoviacha babu

Klara, babu Maganga ametuambia jambo sasa hivi mezani!

Unakumbuka habari za Mageni, kaka yake bibi, aliyefia porini kule Segese mwaka 1955? Tumekua tukiambiwa alikuwa mkaidi, akaondoka kambini peke yake. Uongo!

Walikuwa wanakwenda kuwinda, na babu ndiye aliyefungasha vyakula vya kupeleka kwenye kibanda cha kuwindia. Unga, chumvi ya kukaushia nyama, vibuyu vinne vya maji. Punda akaelemewa. Babu akashusha vibuyu viwili, akabakiza gunia la michembe juu ya punda, maana vile viazi vikavu alivipenda kuliko nyama. Akawaambia wenzake kisima cha huko kina maji. Hakuwa amekiona, Klara. HAKUWA AMEKIONA.

Wakakikuta kikavu. Siku ya tatu Mageni akamwuliza, "Shemeji, maji mengine yako wapi?" Babu kwa aibu akamng'akia, "Una kiu? Katafute!" Mageni akaenda. Walimpata kesho yake, ameshakufa.

Leo bibi kasema tena, "Kaka yangu aliponzwa na ukaidi." Babu akaweka kijiko chini. "Mama Donatus, mimi ndiye niliyemtuma. Maji niliyaacha nyumbani."

Bibi kamtazama weee. "Miaka yote hii namlaumu marehemu, na wewe unanisikiliza?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

Bibi kajifunga kanga, kaniambia nimpeleke kaburini akamwombe kaka yake radhi. Babu naye kasimama, kachukua mkongojo. Bibi kamwambia, "Wewe kaa."

Amekaa.